Baridi ya Friji na Sauti ya Kengele

Jirani yetu msusi anasema mtoto wa dada yake aliuawa na sindano, kisha akafufuka.

Anaieleza hivi. Kijana huyo alikwenda na wenzake wa shule kuchanjwa korona. Alikuwa mzima, anacheka. Sindano ikaingia. Kabla hajashusha mkono wa shati, akaanguka chini kama gunia la mkaa. Macho meupe. Ulimi nje. Moyo ukasimama, tii! Wauguzi wakakimbia huku na huku, mmoja akalia. Wakammwagia maji. Akazinduka, lakini hakuwa yule tena.

"Tangu siku ile," anamalizia msusi, "hapandi ngazi. Akifika ya tatu anakaa chini kama kikongwe."

Hadithi hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza kichwa changu kikiwa katikati ya magoti yake. Ndivyo habari zinavyosafiri mtaani kwetu. Msusi anasukia ghorofani, barazani, juu ya duka la misumari na rangi. Wewe unakaa kwenye kigoda. Yeye anakaa kwenye kiti nyuma yako, anakubana kichwa, anaanza. Nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama kama umepigwa na radi. Utatoka uende wapi? Utasikiliza mpaka mwisho.

Pembeni yetu alikaa binti yake wa mwisho, mtoto mpole, anampa mama yake vitana. Mtoto huyo ana pumu. Akivuta pumzi, kifua kinapiga filimbi. Nilimwona anaisikiliza hadithi ya binamu yake, macho yamemtoka.

"Sasa dada yako," msusi akaniambia, akivuta msuko hadi nyusi zangu zikapanda, "nasikia anataka kumpeleka Kengele akadungwe. Mwambie. Asije akasema hakuambiwa."

"Nitamwambia," nilisema. Ningesema nini tena na kichwa kiko mikononi mwake?

Kengele ni mtoto wa kwanza wa dada yangu. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya sauti yake. Akiimba uani, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara anasimamisha kazi. Mimi ninaishi nao. Dada na mimi tunashona nguo chumba cha mbele. Shemeji, mume wa dada, ni fundi friji, kazi yake anaifanyia uani. Kwa hiyo nyumba yetu ina cherehani mbili, mafriji yaliyofunguliwa matumbo, na watoto wawili wa kike. Wa pili tunamwita Kisulisuli. Anapopita, vitu huanguka.

Wiki ile nyumba haikukalika kwa furaha. Kengele alirudi kutoka shule na kiatu kimoja mkononi na kimoja mguuni. Aliupiga mlango teke.

"Mama! Baba! Mama mdogo! Ni mimi! Ni mimi!"

"Tunaona ni wewe," akasema shemeji. "Kiatu kimefanya nini?"

"Ni mimi nitakayeongoza wimbo! Mashindano ya kwaya za shule zote! Kule ukumbi mkubwa! Mwalimu kanichagua mimi!"

Kisulisuli akaanza kuruka. Dada akaacha cherehani ikijizungukia yenyewe. Nilipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Shemeji alimbeba binti yake, akamzungusha uani kati ya mafriji.

Kisha dada akauliza, taratibu, "Mtakwenda na nini?"

"Na basi la shule. Kwaya nzima."

Niliuona uso wa dada ukibadilika. Nilijua anakumbuka nini.

Kengele amezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe zake za damu si za mviringo kama zetu. Zinapinda kama mundu, zinakwama njiani. Damu isipopita vizuri, mtoto anaumwa mifupa, anaumwa kifua. Baridi humletea maumivu. Kiu humletea maumivu. Ndiyo maana kila mwezi anakwenda kliniki. Hata maji yake ya kuoga tunayachemsha.

Kipindi cha baridi kilichopita, korona ilipita darasani mwao. Wenzake walikohoa, wakalala nyumbani, wakarudi shule wakisukumana. Kengele wetu alilazwa. Aliwekewa hewa ya kupumulia puani. Dada alikaa pembeni ya kitanda akimhesabia pumzi. Mtoto ambaye sauti yake inasimamisha mafundi hakuweza kusema hata neno "maji".

"Basi limejaa," dada akasema. "Ukumbi umejaa. Wote midomo wazi, wanaimba. Bila kinga, mwanangu hapandi basi hilo."

"Basi tumpe hiyo kinga," nikasema. "Si Sista wa kliniki alikwambia chanjo ya watoto ipo?"

"Aliniambia. Na msusi naye ameniambia." Dada akashika kichwa. "Huku moto, huku maji ya moto. Nikimbilie wapi?"

Na mwalimu wa kwaya alitaka jibu ifikapo Ijumaa. Kama Kengele haendi, ataongoza mtoto mwingine.

Jumatano nilimpelekea msusi gauni lake nililolipunguza kiuno. Nilikuwa nimeanza kupanda ngazi nikasikia kishindo nyuma yangu. Kijana mmoja alinipita na dumu la maji kila mkono, anaruka ngazi mbilimbili.

"Shikamoo dada! Samahani, nitakulowesha!"

"Marahaba," nikasema. Nikamsubiri ashuke. Alishuka vilevile, kama mpira. Nikamtazama vizuri. "Wewe si mtoto wa dada yake msusi?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kumsaidia maji. Bomba la juu halitoi."

"Wewe ndiye uliyekufa?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mama mdogo bado anaitangaza? Dada, sikufa. Niliogopa. Siku ile sikunywa hata chai. Tulipanga foleni juani. Nikamwona muuguzi anavuta dawa, ile ncha inang'aa. Mara nikaona giza."

"Kabla ya sindano au baada?"

Akakuna shingo. "Ukitaka ukweli wa Mungu, kabla. Walinilaza, wakaninyanyua miguu, wakanipa maji ya sukari. Nilipopata nguvu ndipo nikachanjwa. Mkono uliniuma siku mbili. Basi."

"Na kifua? Hakikuuma? Moyo haukuenda mbio siku zilizofuata?"

"Hapana. Jumamosi yake nilicheza mpira, nikakosa penalti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Nilirudi nyumbani nikawaeleza. Dada alicheka mpaka pini alizokuwa amezibana mdomoni zikamwagika. "Hapandi ngazi! Jamani, msusi ataniua siku moja!"

Lakini shemeji hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kama mtu mwenye neno kubwa.

"Kuanguka nimeelewa," akasema. "Na baridi je?"

"Baridi gani?" dada akauliza.

"Mimi ni fundi. Hizi chanjo nazijua zinavyolala. Nyingine hulala kwenye mafriji ambayo hapa kwetu sijawahi hata kuyafungua. Baridi yake nyama inakuwa jiwe. Sasa mtoto huyu maji ya bomba tu tunamkataza. Halafu tuchukue kitu kilicholala kwenye baridi ile, tukipitishe moja kwa moja mwilini mwake? Si tunayaita maumivu kwa jina?"

Dada akaacha kuokota pini. Hakuna mtaani mtu ambaye angeweza kuwaza jambo hilo isipokuwa fundi friji mwenye mtoto wa selimundu. Na tukiliangalia, liliingia akilini kabisa.

"Baba," Kengele akasema kutoka mlangoni, "tikiti likitoka kwenye friji, si mnanipa?"

"Tunakupa likishakaa mezani."

"Basi na dawa ikae mezani!"

"Dawa si tikiti," baba yake akasema. Lakini nilimwona anafikiri.

"Kesho tunakwenda kliniki wote," dada akaamua. "Anayeogopa akaulize mwenyewe. Mimi nimechoka kubeba maswali ya watu."

"Na mimi?" akauliza Kisulisuli.

"Na wewe. Nikikuacha hapa nitakuta ukuta umeanguka."

Kliniki ya watoto ina benchi refu la mbao, limelainishwa na makalio ya miaka mingi. Tulifika asubuhi. Kengele alikuwa amekunywa chai na mkate, na chupa ya maji ameikumbatia. Hadithi ya yule kijana ilitufundisha.

Sista anayewaona watoto wa selimundu ni mwanamke mnene, mchangamfu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Huitafuta kalamu hiyo kila mara, na watoto humwonyesha kwa vidole. Tuliingia wote, chumba kikajaa.

"Karibuni, karibuni! Ukoo mzima leo! Kuna harusi?"

"Kuna maswali, Sista," akasema dada. "Fundi, haya, sema lako."

Shemeji akasimama, akakohoa, akaeleza habari ya baridi, mwanzo hadi mwisho, kama anavyomweleza mteja kwa nini friji lake limekufa.

Sista alimsikiliza bila kumkata. "Swali hili sijawahi kuulizwa," akasema. "Na ni swali la mtu anayempenda mwanawe. Njoo."

Akampeleka kwenye friji la dawa pembeni ya chumba. Shemeji aliinama, akatazama kipimo cha baridi mlangoni, akagusa ufito wa mpira wa mlango kwa kidole. Hakuweza kujizuia.

"Linafunga vizuri?" Sista akauliza.

"Linafunga."

"Nimefurahi, maana nalala nalo akilini. Sasa sikiliza. Baridi ni ya kuitunza chanjo, isiharibike, kama nyama. Si sehemu ya dawa. Kabla ya kuchanja tunaitoa, barafu yote inayeyuka, tunaitayarisha. Shika hii, ndiyo tunayoitumia asubuhi hii."

Akamwekea kichupa kidogo kiganjani. Shemeji akakifumba, akakifumbua.

"Haina baridi."

"Na tazama ninayompa mtoto." Akamwonyesha bomba la sindano. "Matone. Yakiingia, mwili wake wenyewe unayapa joto kabla hujasema 'pole'."

Shemeji akatazama bomba, akatazama binti yake. "Kwa hiyo ni tikiti," akasema.

"Nilisema mimi!" Kengele akapiga makofi. "Nilisema!"

Sista hakuelewa, lakini alicheka kwa kuwa sote tulicheka.

"Sasa mimi," dada akasema. Hakucheka tena. "Sista, usinifiche. Hii chanjo ina madhara au haina?"

"Ina," Sista akasema. "Atakayekwambia kitu hakina hatari hata punje, mkimbie, anataka kukuuzia. Njoo tuweke huku na huku, uone kipi kizito."

Akavuta kiti karibu na dada. Magoti yao yakagusana.

"Kwanza ya kawaida. Mkono utauma. Anaweza kuchoka, kuumwa kichwa, kupata homa siku moja au mbili. Hayo ni ya watoto wengi, na yanapita. Pili, wachache sana mwili wao unaikataa chanjo. Uso unavimba, pumzi inabana. Hilo huja mapema, kwa hiyo mkishachanja hamwondoki, mnakaa kwenye benchi nawaona. Dawa yake ninayo hapa mezani."

"Na moyo?" nikauliza. "Watu wanasema moyo."

"Hawakulitoa hewani. Lipo, ila ni nadra sana. Misuli ya moyo inaweza kuvimba siku chache baada ya chanjo. Mara nyingi ni kwa vijana wa kiume. Kifua kinauma, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi. Ukiona hivyo, hospitali siku hiyohiyo. Wengi wao hutibiwa, wanapumzika, wanapona. Na korona yenyewe nayo inaweza kuuvimbisha moyo. Hilo watu huwa hawalisimulii."

Dada alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Haya. Na upande wa pili?"

"Upande wa pili unaujua kuliko mimi. Ulikaa naye wodini."

Dada akainamisha kichwa.

"Watoto wengi wakipata korona," Sista akaendelea kwa upole, "wanakohoa, wanapona. Huo ndio ukweli. Lakini mwenye selimundu, mwenye moyo mbovu, mwenye kisukari, mwenye pumu kali, hao inaweza kuwaelemea. Chanjo haimzuii kabisa asiipate. Anaweza kuipata hata akichanjwa. Ila inapunguza sana hatari ya kuzidiwa, ya kulazwa, ya kuwekewa hewa."

"Lakini aliugua mwaka jana. Si ana kinga tayari?"

"Anayo kiasi. Kinga hushuka muda ukipita. Kwa mtoto kama huyu hatuiachii bahati."

"Kwa hiyo huku kuna mkono kuuma, na homa, na jambo la nadra," dada akasema polepole. "Na huku kuna kile kitanda."

"Umesema vizuri kuliko mimi," Sista akajibu.

Shemeji akamwonyesha Kisulisuli, ambaye wakati huo alikuwa chini ya meza. "Na huyu? Huyu haumwi kitu. Sisi ndio tunaoumwa."

Sista akamvuta, akamtazama. "Huyu ni mzima. Kwa mzima kama huyu, korona mara nyingi ni nyepesi, kwa hiyo faida anayopata ni ndogo kuliko ya dada yake. Kila mahali wana utaratibu wao kwa watoto wazima. Hapa tunaanza na wenye maradhi. Huyu msimhangaikie kwa korona sasa. Nawauliza jingine. Surua alichanjwa dozi zote mbili?"

Dada akamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari.

"Si ulisema utampeleka?" dada akauliza.

"Nilisema nitampeleka. Likaja lile jokofu la mchinjaji..."

"Basi surua haisubiri jokofu," Sista akasema. "Leo leo. Surua ni ugonjwa mkali, na mtoto huyu hana sababu ya kukosa kinga yake."

Kisulisuli, aliyekuja kumcheka dada yake, akaacha kucheka.

Kisha Sista akamgeukia Kengele. "Wewe ndiye mwenye mkono. Unasemaje?"

Kengele aliutazama mkono wake. "Naogopa sindano," akasema. "Lakini nataka kuimba kuliko ninavyoogopa."

"Basi imba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kaa, regeza mkono, imba."

Kengele akaketi. Akafumba macho. Akaanza wimbo wa mashindano, mwanzo kwa sauti ya kunong'ona. Kule nje kwenye benchi, mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Sauti ikapanda. Sista akachoma. Sauti ilitetemeka mara moja tu, kama kamba ya kuanikia ndege akitua, kisha ikaendelea hadi mwisho wa ubeti.

"Tayari," Sista akasema.

"Tayari nini?"

Chumba kizima kikapiga makofi. Shemeji alifuta macho kwa kile kitambaa chake cha mafuta, akabaki na mstari mweusi shavuni mpaka jioni. Kisulisuli naye alichanjwa surua. Yeye hakuimba. Yeye alisikika mpaka barabarani.

Tulikaa kwenye benchi mpaka Sista aliporidhika. Akatupa neno la mwisho. "Maji mengi. Na sikilizeni, huyu ana selimundu. Homa kwake si ya kukaa nayo nyumbani mkisema ni chanjo. Inaweza kuwa chanjo, inaweza kuwa kitu kingine. Akiwa na homa, mleteni. Na dozi nyingine nitawaambia lini."

Kesho yake asubuhi, Ijumaa yenyewe, Kengele aliamka na homa.

Haikuwa kali. Lakini dada alishavaa viatu kabla sijamaliza kusema "ana joto". Tulipita chini ya baraza la msusi. Alikuwa na mteja magotini. Akasimama na kitana mkononi.

"Sikusema?" akaita. "Shoga, sikusema?"

"Ulisema mengi," dada akajibu bila kusimama.

Kliniki walimpima Kengele damu, wakamsikiliza kifua, wakamtazama koo. Hakuna maambukizi. Wakampa dawa ya homa, wakatubakisha tumtazame akinywa maji. Mchana homa ilikuwa imeshuka. Sista alisema mwili ulikuwa unajifunza kazi yake. Njiani kurudi, Kengele akamwuliza mama yake, "Leo si Ijumaa?"

Dada akasimama katikati ya njia. Tukageuza. Tulikwenda moja kwa moja shuleni, na mtoto akiwa na mkono unaouma na chupa ya maji, akamwambia mwalimu mwenyewe: "Naenda. Nitaongoza."

Jumapili, uani kwetu, fundi baiskeli aliacha tena kazi.

Wiki zilizofuata zilikuwa za shangwe tupu. Tulishona sare za kwaya nzima. Mtaa mzima uliujua wimbo. Mchinjaji aliuimba akikata nyama, akikosea maneno. Kengele alichanjwa dozi yake nyingine bila homa yoyote, mkono tu. Msusi naye aliendelea kusuka, lakini nilisikia kwamba, katika hadithi yake, kijana wa ngazi sasa alikuwa anapanda mpaka ya kumi.

Siku ya mashindano tulikwenda mapema, ndani ya basi lilelile la kwaya. Tuliacha madirisha ya basi wazi, na dada alimvalisha Kengele sweta. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya mbao vya kukunja, taa juu ya jukwaa. Watu walijaa mpaka milangoni. Mtaa wetu ulikuwa na mstari wetu. Shemeji alivaa shati alilofungia ndoa. Alitazama dari akisikiliza mashine ya hewa. "Hiyo feni inalalamika," akasema. Dada akampiga kofi la goti anyamaze.

Kiti cha pembeni yangu akaja kukaa msusi, na binti yake wa pumu mapajani. Nilishangaa kumwona. Alikuwa kimya. Msusi kuwa kimya ni kama mvua kunyesha kwenda juu.

Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili, ya tatu. Nilisikia filimbi ndogo ya kifua cha yule mtoto kila kwaya ilipopumzika. Msusi alikuwa anampapasa mgongo, juu chini, juu chini.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza. Sikuwahi kumsikia ananong'ona. "Zile ngazi, nilitia chumvi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Alinipita akiwa na madumu mawili."

Akaguna. Kisha akasogea karibu zaidi, mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya nywele. "Huyu wangu aliwahi kuzidiwa mara mbili mwaka huu. Kila akikohoa moyo wangu unahama. Nilikuwa nasimulia habari ya yule kijana ili watu waniambie si kweli. Hakuna aliyeniambia. Wote waliogopa na mimi."

Jukwaani mwalimu wa kwaya yetu akaingia. Nyuma yake wakaja watoto kwa sare tulizozishona. Mtaa ukasimama. Dada akanishika mkono wa kushoto, kucha zikaingia.

Msusi akanishika wa kulia.

"Jumatatu unipeleke kwa yule Sista," akasema haraka. "Nikamwulize yote, ya moyo, ya pumu, kama mwanangu ni wa kuchanjwa au wa kungoja. Na ikiwa ni wa kuchanjwa, uingie naye wewe. Umshike wewe. Mimi nitakaa nje, sindano siiwezi. Utamshika? Na usimwambie mtu. Mdogo wangu, utamshika?"

Kengele akapiga hatua moja mbele ya wenzake. Akatutafuta kwa macho, akatuona. Akavuta pumzi, ndefu, iliyojaa, mpaka mabega yakapanda.

Akafungua mdomo.